Kiporo ni kipi hasa?

Binti yangu alikuwa na miezi 14 siku muuguzi alipomchoma kidole, akakamua tone la damu, akasoma namba kwenye kipimo kidogo cha mkononi, kisha akaniambia damu ya mtoto iko chini. Maswali ya chakula yakaanza. Bado ananyonya? Nyama anapata? Mayai? Mboga je? Hapo kwenye mboga nilishusha sauti. Nikamwambia mboga anakula, ila nyingi ni za friza. Nilisema kama mtu anayekiri kosa.

Muuguzi hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kadi. Aliuliza neno moja: "Anazila?"

Nikasema ndiyo, hasa njegere, anaziokota moja moja mpaka sahani inabaki tupu.

"Basi endelea nazo, mama," akasema, akahamia kwenye maziwa. Kumbe mtoto alikuwa anakunywa maziwa mengi ya ng'ombe kupita kiasi, yanamjaza tumbo, yanamwondolea hamu ya chakula chenye madini ya chuma, na hilo ndilo lililomshughulisha kuliko friza yangu. Akaandika dawa ya chuma ya matone, akanipangia siku ya kurudi.

Nilirudi nyumbani na dawa mkononi na swali lake kichwani. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kupika, mboga za friza ana jina moja tu kwazo: kiporo. "Mwanangu, hicho ni kiporo, hata kikifungwa vizuri namna gani." Kwa miaka mingi nilikubaliana naye bila kuhoji. Nilizitumia kwa sababu ya haraka, na kila nilipofungua mfuko nilihisi nimemdhulumu mtoto. Baada ya siku ile ya kliniki nikaamua nilifuatilie jambo hili mpaka nilielewe. Mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe, lakini jambo lenyewe limechunguzwa kwa muda mrefu, na ukilisoma kwa utulivu unaona halina fumbo kubwa.

Nilianzia kwenye neno lenyewe la mama. Kiporo ni chakula kilicholala. Sawa. Sasa kati ya mboga zangu, ipi imelala?

Nilifungua friji nikatoa fungu la spinachi. Nililinunua Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Majani ya katikati yalikuwa bado yamesimama, lakini ya nje yalishaanza kuwa manjano kwenye kingo, na yale yaliyobanwa na kamba yalikuwa yanateleza vidoleni, na yana harufu ya maji yaliyotuama. Hizo ni siku tano kwangu. Kabla ya hapo lilikatwa, likafungwa, likapakiwa, likasafirishwa, likapangwa, likanyunyiziwa maji lionekane limetoka shambani asubuhi ile. Huenda ni siku mbili, huenda nne. Hakuna aliyeniandikia.

Mboga ikishakatwa haifi papo hapo. Inaendelea kupumua: inavuta oksijeni, inachoma sukari yake yenyewe, inatoa joto na maji. Haina tena mzizi wa kuiletea chochote, kwa hiyo inajila. Vitamini C huondoka mapema kuliko karibu kila kitu, kwa kuwa huharibiwa na hewa, joto na vimeng'enya vya mboga yenyewe, yaani zile protini zinazoharakisha mabadiliko ndani yake. Jani pana na jembamba kama spinachi halina pa kujificha. Katika vipimo vilivyofanywa, spinachi iliyokaa wiki moja kwenye friji ya nyuzi 4 ilipoteza kama robo tatu ya vitamini C yake, na iliyokaa wiki hiyo hiyo kwenye joto la chumba ikabaki na karibu sifuri. Njegere zina ustahimilivu zaidi zikiwa kwenye baridi. Karoti, kwa kuwa ni mzizi ulioumbwa kuhifadhi chakula, haina haraka kabisa, na ndiyo maana sijawahi kuhangaika kununua karoti za friza kwa ajili ya ubora. Mahindi matamu ni kisa kingine: kwenye joto la nyuzi 30 hupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake ndani ya siku moja, ilhali karibu na nyuzi sifuri hupoteza sehemu ndogo tu. Ukila hindi tamu likawa kama unga mdomoni, umekula saa zilizopita.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Nilikuwa nalinganisha mboga ya friza na mboga iliyochumwa dakika ile na kuingia sufuriani. Mboga hiyo ya pili ni bora, sina ubishi, na mwenye bustani nyuma ya nyumba hana haja ya kusoma makala hii. Lakini mimi sikuwa nayo. Mboga niliyokuwa nayo ni ile ya Alhamisi.

Sasa tazama kinachotokea upande wa pili. Njegere za kugandishwa huvunwa kwa mashine zikiwa zimefikia kilele cha utamu, kwa sababu kiwanda hakina sababu ya kuzivuna changa ili zistahimili safari. Saa chache baadaye zimeshafika kiwandani, zimemenywa, zimeoshwa. Nyingi hupitishwa kwenye maji ya chumvi ili kuzichambua: njegere changa na tamu huelea, zilizokomaa na kujaa wanga huzama. Jambo hili lilinifurahisha sana nilipolijua, kwa sababu lilinieleza kitu kilichokuwa kinanitatiza kwenye karatasi ya mfuko, pale palipoandikwa "njegere tu" na bado pana sodiamu kidogo. Ni mabaki ya yale maji ya kuchambulia. Si kiasi cha kumtisha mtu mzima, ila mzazi wa mtoto mchanga anatakiwa kukijua.

Baada ya hapo hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka au kwenye mvuke kwa dakika moja au mbili, kisha hupozwa haraka. Watu wengi hawajui hatua hii ipo. Nia yake ni kuvizima vimeng'enya, maana baridi huvipunguza kasi tu, haiviui. Mboga iliyogandishwa bila kupitishwa kwenye moto huo huendelea kuharibika polepole ndani ya barafu yenyewe, rangi ikafifia na ladha ikawa ya majani makavu. Ukitaka kugandisha mwenyewe nyumbani, usiruke hatua hii.

Halafu baridi kali. Hewa ya nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri hupulizwa kutoka chini ya mkanda wenye matundu, njegere zinarukaruka humo kama punje kwenye ungo, kila moja inaganda peke yake. Ndiyo sababu mfuko ukiutikisa unasikia kelele kama za shanga. Kasi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Maji yakiganda polepole hutengeneza vipande vikubwa vya barafu vyenye ncha, vinavyotoboa kuta za seli, na mboga ikiyeyuka inakuwa tepetepe. Yakiganda kwa kasi, vipande vinakuwa vidogo na kuta nyingi zinasalimika.

Aliyeitambua thamani ya kasi hiyo kibiashara ni Mmarekani Clarence Birdseye. Alikuwa Labrador, mashariki mwa Kanada, kuanzia 1912, akawaona Wainuiti, wenyeji wa huko, wakivua samaki kwenye baridi ambayo iliwagandisha mara tu wanapotolewa majini, na samaki hao wakipikwa miezi kadhaa baadaye wana ladha ya samaki wa siku ile. Aliporudi alitumia miaka akitafuta mashine ya kufanya kazi ya upepo ule. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa, njegere na spinachi zikiwemo, vilianza kuuzwa kwa majaribio Springfield, Massachusetts. Najua kiwanda kina sura ya kiwanda, lakini chanzo cha wazo ni watu waliokuwa wanahifadhi chakula chao vizuri kuliko sisi.

Je, hakuna kinachopotea? Kinapotea, na sitaki kuficha.

Yale maji ya moto huondoka na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka katika maji, yaani vitamini C, foleti na baadhi ya ndugu wa B. Njegere mbichi iliyotoka kwenye ganda sasa hivi ina takriban miligramu 40 za vitamini C kwa kila gramu 100. Iliyotoka kwenye mfuko, kabla ya kupikwa, ina chini ya nusu ya hapo. Huo ni upungufu mkubwa na haufai kupambwa. Ila hutokea mara moja. Mboga ikishaganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, upotevu unaofuata ni wa taratibu mno, wa miezi, wakati mboga iliyo kwenye friji inapoteza kila siku bila kupumzika. Mistari miwili hiyo hukutana mahali fulani. Kwa spinachi hukutana mapema, ndani ya wiki.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha vipimo vya vyakula vinane, vibichi na vilivyogandishwa: mahindi matamu, karoti, brokoli, spinachi, njegere, maharage mabichi ya maganda, na matunda ya stroberi na bluberi. Kwa vitamini C, vitano havikuonyesha tofauti ya maana, na vitatu vilivyobaki vilikuwa na zaidi upande wa friza. Vitamini E haikupungua. Beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilishuka waziwazi kwa njegere, karoti na spinachi za friza. Madini na nyuzinyuzi vilibaki vizuri, jambo lisiloshangaza, kwani chuma na zinki haviwezi kuoza, na nyuzinyuzi hazijali baridi.

Brokoli ina hasara yake ya pekee ambayo sikuitarajia. Ukiikata au kuitafuna ikiwa mbichi, kimeng'enya kimoja hukutana na kemikali nyingine iliyokuwa imetengwa ndani ya seli, na mkutano huo huzaa sulforafeni, dutu inayochunguzwa sana kwa uwezo wake wa kuusaidia mwili kujikinga na sumu. Yale maji ya moto ya kiwandani huua kimeng'enya hicho. Mali ghafi ipo, fundi hayupo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mwaka 2013 kwamba ukiongeza kidogo tu cha figili mbichi, ambayo ni ya ukoo mmoja na brokoli na ina kimeng'enya kama hicho, kazi inarudi. Unga wa haradali hufanya vivyo hivyo. Tangu nisome hayo, brokoli yangu ya friza naipika, naiacha ipoe kidogo, ndipo nakunia figili juu. Kwangu mimi, si kwa mtoto, maana figili inawasha.

Turudi kwa mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifikisha huku.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kwa viwango vinavyotumika Marekani, anahitaji miligramu 15 za vitamini C kwa siku. Mwanamke mzima anahitaji 75 na mwanamume 90. Gramu 40 za brokoli ya friza iliyopikwa, yaani vijichane viwili vitatu, zinamtosheleza mtoto siku nzima. Gramu 40 za karoti za friza zilizopikwa zinamtosheleza vitamini A. Nilipozipata namba hizi nilikaa kimya jikoni kwa muda. Nilikuwa nimejitesa kwa hofu ya vitamini zilizopotea, na kumbe zilizobaki zinamzidi mtoto mwenyewe.

Chuma ni habari tofauti. Spinachi ina sifa ya chuma kuliko inavyostahili: chuma chake mwili hukinyonya kwa shida, na kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye jani, kiasi kwamba mwili huambulia kama sehemu moja ya ishirini. Kwa hiyo sikumtegemezea binti yangu damu kwenye mboga. Dawa ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na nyama, na mayai, na kupunguza maziwa. Mboga ilikuja kwa mlango mwingine: vitamini C ikiliwa kwenye mlo mmoja na chuma cha mimea, husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Hivyo brokoli hukaa sahani moja na maharage, si mlo tofauti. Na karoti au spinachi huwekewa kijiko kidogo cha mafuta, kwa sababu beta-karotini bila mafuta hupita tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 kwenda juu gramu 400 kama mtu mzima. Hizo ni nyingi kuliko watoto wengi ninaowajua wanavyokula, na ndipo swali la muuguzi linaporudi. Mboga iliyobaki sahani haina lishe. Mtoto hukipokea kitu kipya baada ya kukutana nacho mara nane, kumi, hata kumi na tano, na nani ana moyo wa kununua fungu zima la mboga mbichi mara kumi na tano ili jani moja lilambwe na mengine yatupwe? Kutoka kwenye mfuko natoa vipande viwili, narudisha mfuko. Akikataa nimepoteza vipande viwili. Faida hii sijaiona kwenye jedwali lolote la virutubisho, lakini nyumbani kwangu imekuwa kubwa kuliko zote.

Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji mboga ya aina yoyote, maziwa ya mama yanamtosha. Kuanzia hapo, mboga za friza zisizo na chochote ndani yake zinafaa kabisa kusagwa. Soma karatasi ya mfuko. Ukiona mchuzi, jibini, siagi au chumvi imeorodheshwa, hiyo si mboga tena kwa mtoto mdogo. Njegere zipondwe kidogo kwa uma, karoti ipikwe mpaka ivunjike kati ya vidole viwili. Mboga iliyosagwa, hasa ya spinachi, isikae mezani: nitrati, kemikali ya asili iliyomo, hugeuzwa na bakteria kuwa kitu kinachoizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Pika, mlishe, kilichobaki kiingie friji upesi au kigandishwe kwenye trei ya barafu.

Niliwahi pia kumpa njegere ngumu kama zilivyotoka friza, zimpoze ufizi wakati meno yanatoka. Alizipenda. Niliacha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni koo lake: punje ngumu ya duara ni hatari kwa mtoto wa umri ule. Ya pili nilikuwa siijui. Baridi ya friza husimamisha bakteria, haiwaui, na kuna mmoja, listeria, anayestahimili baridi vizuri sana. Kati ya 2015 na 2018 nchi kadhaa za Ulaya zilipata wagonjwa wa listeria, na baadhi yao walikufa, mpaka chanzo kikafuatiliwa hadi mahindi matamu yaliyogandishwa kwenye kiwanda kimoja nchini Hungary. Yale maji ya moto ya kiwandani si mapishi. Mboga ya friza ipikwe mpaka iwe ya moto katikati, kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa mzee, na kwa yeyote mwenye kinga dhaifu. Usiitupie kwenye saladi wala kwenye blenda ikiwa imeganda, labda mfuko useme wazi kwamba iko tayari kuliwa.

Kwa sisi watu wazima sina mengi. Kinachotupungukia zaidi ni nyuzinyuzi, na hapo friza haina hasara hata moja: gramu 100 za njegere zilizopikwa zina kama gramu 4.5 za nyuzinyuzi na gramu 5 za protini, wakati lengo la siku ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi. Gramu 100 za spinachi ya friza iliyopikwa zina kama mikrogramu 120 za foleti kati ya 400 tunazohitaji, au 600 kwa mjamzito, ingawa mjamzito asiache vidonge vyake kwa sababu ya spinachi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba spinachi, iwe mbichi au ya friza, imejaa vitamini K. Asiikimbie, ila asile nyingi wiki hii na kuacha wiki ijayo. Aongee na daktari wake.

Hasara kubwa kuliko zote, lakini, sikuikuta kiwandani. Niliikuta kwangu. Kwa miaka nilikuwa nayeyusha mboga kwenye bakuli la maji, namwaga maji hayo, nachemsha sufuria iliyojaa, naitumbukiza mboga, naenda kufanya shughuli nyingine, narudi baada ya dakika 20. Jioni moja, baada ya kusoma haya yote, niliinua sufuria kuchuja na nikayaangalia maji kabla hayajaingia kwenye sinki. Yalikuwa ya kijani iliyokolea, yenye harufu nzuri ya njegere. Kilichokuwa ndani ya chujio kilikuwa na rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilisimama pale na mvuke usoni, nikifikiria sufuria ngapi za maji ya namna hiyo nimezimwaga.

Siku hizi siyeyushi kitu. Naweka vijiko vitatu au vinne vya maji kwenye sufuria yenye mfuniko, yakichemka namimina mboga ikiwa bado imeganda, nafunika. Njegere dakika tatu au nne. Brokoli nne au tano, na bua lake bado liwe na ubishi kidogo chini ya jino, isipokuwa ile ya mtoto inayobaki jikoni zaidi. Maji yanayosalia ni machache, yanaingia kwenye mchuzi. Mvuke ni mzuri vilevile, na mikrowevu yenye bakuli lililofunikwa pia, licha ya uvumi unaoizunguka, kwa sababu muda ni mfupi na maji ni kidogo. Spinachi ya friza, ile inayokuja kama tofali, naikamua kidogo tu na hayo maji yake nayatumia.

Kuhusu kuitunza: mfuko ukiukuta dukani umegeuka donge moja, umeshayeyuka na kuganda upya, uache. Unga mweupe wa barafu juu ya mboga, pamoja na madoa makavu, maana yake maji yametoka ndani yakagandia nje. Haidhuru, ila ladha imepungua. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa huweza kukaa kama saa 48 bila kufunguliwa, iliyojaa nusu kama saa 24.

Mama alikuja kukaa nasi wiki mbili. Nilimweleza habari ya maji ya kijani, kwa sababu nilijua hiyo angeielewa kuliko takwimu. Alinisikiliza, akachukua mfuko wa njegere, akautikisa sikioni. Bado anaviita viporo. Lakini Alhamisi moja alifungua friji, akalitoa fungu la spinachi nililolisahau, akalinusa, akaniangalia, akalitia kwenye ndoo ya taka bila kusema neno, kisha akaenda mwenyewe kwenye friza.

Binti sasa ana miaka miwili kasoro. Damu ilipopimwa mara ya pili ilikuwa imepanda, na muuguzi akaniambia tuendelee kuyabana maziwa. Njegere hazina shida. Karoti anakula akiamua. Brokoli tuko mara ya tisa. Jana alikichukua kichane kimoja kwa vidole viwili, akakigeuza akitazama vile vichwa vidogo vya kijani, akakigusisha kwenye ulimi, akakirudisha sahani. Mara ya nane alikitupa chini. Kesho nitamwekea viwili tena.